Gego la Orrin Lililodhaniwa Marehemu

Hapa Minnesota, ziwa likiganda, wanaume huhamia juu yake. Mume wangu Orrin ana kibanda chake kule barafuni, chenye jiko na tundu la kuvulia. Huko ndiko alikozoea ujinga wa kubana chubwi kwa meno. Chubwi ni kile kipande kidogo cha madini ya risasi kinachozamisha ndoana. Wenzake wote hufanya hivyo, eti ukivaa glavu koleo halishikiki.

Jumamosi moja ya Januari alirudi shavu limevimba kama andazi.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Si mbaya sana."

Mimi Ardis nimeolewa naye miaka thelathini na mmoja, nawajua watu wa kwetu. Hata kibanda kiteketee, mwenyewe atasema si mbaya sana.

"Ni lile gego lililotibiwa mzizi," nikasema.

"Haliwezi kuwa hilo, mke wangu. Lile lilishakufa. Marehemu haumi."

Nikamwita jirani yetu Marlys, anayefanya kazi kwa daktari wa meno mjini. Alikuja na bakuli la viazi vya kuoka, maana kwetu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Akammulika Orrin mdomoni kwa tochi.

"Una kipele kwenye ufizi. Kimekuwepo tangu lini?"

"Kinakuja, kinapasuka, kinaondoka. Tangu msimu wa kuwinda kulungu."

Msimu huo ulikwisha Novemba. Nilitamani kumpiga mwiko.

"Sikiliza, Orrin," akasema Marlys. "Kilichokufa ni neva ya ndani. Mfupa unaoshika mzizi uko hai. Kipele hicho ni usaha unatafuta njia. Na kofia ya jino uliyoambiwa urudi kuwekewa iko wapi?"

Orrin akaangalia viazi.

"Wiki ile samaki walikuwa wanakula chambo vizuri."

"Basi na vijidudu navyo vimekula vizuri. Umepasua zibo la muda kwa chubwi zako, mate yakaingia mpaka ndani. Na risasi yenyewe ni sumu, usiitie mdomoni."

"Nipe vidonge tu, shoga yake Ardis."

"Vidonge peke yake havisafishi ndani ya jino. Uvimbe utapungua, kisha utarudi. Jino hili linaweza kutibiwa tena. Ukichelewa, litang'olewa."

Hapo akashtuka. Kushoto hana gego hata moja. Hili la kulia nalo likitoka, nyama itakuwa ya kutazama tu.

"Na daktari akikuuliza, sema kweli," Marlys akaongeza. "Mara ya mwisho ulimwambia si mbaya sana, naye akakuamini."

Jumatatu daktari akamuuliza jino linaumaje.

"Si..." akaanza Orrin. Nikamkanyaga mguu. "Linauma sana, daktari. Usiku wa tatu sijalala. Kijiko kikiligusa napiga kelele moyoni."

Daktari akampiga picha ya eksirei, akamtia ganzi, akalifungua jino. Akatoa vyote vilivyojazwa zamani. Ndani akakuta mfereji wa nne wa mzizi, mwembamba, ambao mara ya kwanza haukuonekana. Akaisafisha mifereji yote na kuitia dawa. Wiki mbili baadaye akaijaza upya na kuiziba. Siku ya kofia nilimpeleka mwenyewe, ufunguo wa kibanda ukiwa mfukoni mwangu. Kipele hakikurudi tena.

Mwisho wa Februari nilikuwa kibandani nakaanga samaki. Kaka yangu Verlyn akapeleka chubwi mdomoni. Orrin akamnyang'anya, akampa koleo alilolivaa shingoni kwa kamba.

"Tumia hili, shemeji."

"Haya, bwana. Na jino lako linaendeleaje?"

Orrin akatafuna samaki upande wa kulia, taratibu, mpaka akameza.

"Zuri," akasema. "Zuri sana."

Nikaweka kikaango chini nimtazame vizuri. Siku ya harusi yetu, nilipotokea na gauni langu jeupe, mtu huyu aliniangalia juu mpaka chini akasema si mbaya sana.