Simu ya Upepo ya Maganga

Kosa lilikuwa kwenye salamu. Jumatatu saa saba mchana, jua la Ngokolo likikaanga mabati, simu ya upepo juu ya kabati la sebuleni ikakoroma, sauti ya Marselino ikatoka.

"Shikamoo, Melania. Huku Mwakitolyo tuko salama. Msije. Ova."

Melania akabaki na kipaza mkononi. Marselino ni kaka yake, mchimba dhahabu huko Mwakitolyo, kamtangulia miaka kumi na mmoja. Tangu lini mkubwa akamwamkia mdogo?

"Umesikia?" akamnong'oneza mumewe.

"Nimesikia wako salama," akajibu Maganga, mwenye duara, yaani shimo alilochimba Marselino, bwana mkubwa wa dhahabu ambaye kiatu chake kilikuwa hakijagusa vumbi la machimbo tangu masika. "Ulitaka akutukane?"

Jumanne, shikamoo. Jumatano, shikamoo. Maneno yale yale, pumzi hakuna. Sebule ikaanza kunuka udongo mbichi wa shimoni, na kabati likatoa maji upande wa simu, tena kiangazi kile ambacho Shinyanga nzima ilikuwa inagombania ndoo.

"Tubadilishe huu mtambo," Melania akasema. "Hozefa kaleta mpya, unashika mpaka Geita. Huu unashika kwenye duara lako tu, na anayeongea humo siyo kaka."

"Mzima huu! Nikununulie mpya uongee na nani, wafalme?"

Basi mwanamke hakulia. Alhamisi asubuhi alijitwika cherehani yake mpaka dukani kwa Hozefa, akaitua juu ya kaunta kwa kishindo, peremende zikaruka kwenye chupa.

"Dada Melania, hii si ndiyo inakulisha?"

"Aliyeninunulia ni kaka yangu. Nipe simu, na fundi."

Saa saba haijafika, waya mpya ulikuwa juu ya bati, na Maganga amenuna kwenye kochi kama aliyenyang'anywa bibi. Halafu sauti ya Marselino ikaja, safi mno sasa, na nyuma yake Melania akasikia yote ambayo mikwaruzo ya ule mtambo mkuukuu ilikuwa inayafunika, maji yanadondoka, matimba ya kuegemeza shimo yanalia, kucha zinaparura mwamba, na sauti nyingine nyingi, za wanaume na za visivyo wanaume, zinarudia kwa pamoja kama watoto wanaokariri darasani, tuko salama, tuko salama, tuko salama, mpaka akazungusha kitufe, na sauti ya mtu, mtu kweli mwenye kikohozi, ikadakia.

"Nkwabi hapa, duara la jirani. Nani huyo?"

"Melania, mke wa Maganga. Nipe kaka yangu."

Nkwabi akakohoa.

"Shemeji... duara lenu limetitia tangu Jumapili usiku. Kibanda na simu yake vimo humo humo chini. Nimewaita sana, mtambo wenu haunishiki. Jumatatu nikatuma mtu, akamkuta mumeo kijiweni jioni. Mumeo akamfukuza, eti kaongea nao, wako salama. Sisi tunachimbua kwa mikono. Mpaka jana walikuwa wanagonga."

Walikuwa wanagonga. Melania alimgeukia Maganga, na yule bwana mkubwa akarudi nyuma mpaka ukuta ukamkataa.

"Twende machimboni."

"Nyumba nani ataitazama?"

Alimtemea mate miguuni, akaondoka na lori la pamba.

Ijumaa mchana waliwatoa wote wanne, wamekufa. Marselino alikuwa hana kucha hata moja. Nkwabi akawafunika magunia, kisha akampa Melania kipaza awape taarifa nyumbani.

"Maganga. Tumewatoa. Kaka amekufa."

"Mwongo mkubwa!" Maganga akacheka, kicheko chembamba kisicho chake. "Kaka yako amekaa hapa kwenye kochi tangu asubuhi, matope matupu. Anauliza wenzake watatu walioko mlangoni waingie au wasubiri."

Nkwabi akarudi hatua mbili.

"Shemeji, mwambie akimbie!" akanong'ona. "Mwambie, bado dakika ipo!"

Melania aliyatazama magunia manne. Akabonyeza kipaza mpaka kidole kikamwuma.

"Nyumba ni yako, Maganga," akasema. "Wakaribishe."

Akazima simu.