Mchanga wa Mikese

Kilichoanza kumshangaza Theonest ni kwamba gari lilitulia. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, mali ya idara, jepesi mno. Ukiwa peke yako ukapishana na lori la mafuta kule Chalinze, gari linasukumwa mpaka ukingoni na usukani unacheza mikononi. Madereva walikuwa na dawa yake: gunia la mchanga kwenye buti. Theonest naye akachota wake Mikese, chini ya mti uliofungwa vitambaa vyeupe na vyekundu. Yeye mtu wa Bukoba, alidhani ni alama za wapima barabara. Hakuuliza mtu.

Tangu siku hiyo gari likawa linakwenda kama limebeba watu wanne. Konani halikuyumba, lori likipita halikutikisika. Akafurahi, masikini. Halafu ikaja harufu ya udi kutoka kiti cha nyuma, mchana kweupe, vioo vyote vimeshushwa.

Jumamosi moja alimpakia mkewe, Benedicta, kwenda shambani. Mama wa watu akakaa nyuma. Waliporudi Kimara hakula, wala kesho yake. Alikaa tu uani, ananuka udi.

"Kule nyuma ulikaa na nani?" Theonest akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Na mama mmoja. Alinisogelea, akanipa nafasi."

Theonest akaenda kwa jirani yao, Bi Hija, mganga wa Kizaramo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Theonest akamweleza yote, tangu mti wa vitambaa. "Mchanga wa mzimuni huo, mwanangu. Kaurudishe, uende na mkeo. Huyo mama wa nyuma atashuka mwenyewe. Ila kurudi, mkeo akae mbele, umshike mkono. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

Jumapili alfajiri wakaenda. Mchanga ukamwagwa, radhi ikaombwa, harufu ikakatika. Lakini gunia lilikuwa zito, kulitoa kulichukua muda, na miaka hiyo ya kubana mafuta, Jumapili ikifika saa nane mchana gari lolote likikutwa barabarani linakamatwa, sembuse la idara. Benedicta akafungua mlango wa nyuma kama alivyozoea. Theonest aliona. Akasema moyoni, ah, si kiti tu, akawasha gari.

Baada ya Chalinze lori la kwanza likapita, na gari likasukumwa mpaka ukingoni, na la pili likapita, usukani ukacheza, naye akaushika kwa mikono yote miwili huku akijiambia ni upepo, ni matairi, ni lile gunia halipo tena, ingawa alijua vizuri kwamba gari hili, ukiwa na mtu mmoja tu nyuma, halikuwahi kuyumba hivi.

Kibaha askari akamsimamisha. Akainama dirishani, akachungulia mbele, akachungulia nyuma.

"Ndugu, saa nane kasorobo hii. Uko peke yako?"

Theonest akatazama kioo. Benedicta alikuwa amekaa palepale, mikono mapajani, anamtazama. Theonest akaitafuta hofu ndani yake mwenyewe, hakuiona.

"Peke yangu, afande," akasema, akatia gia.