Tiketi ya Watu Wanne

Jua lilikuwa linazama, nasi tulikuwa tunatafuta kituo cha treni. Hilo tu. Mimi, binti yangu wa miaka saba, na mdogo wangu wa kike, tumesimama kando ya barabara katika nchi ya watu, tukiigeuza ramani ya simu huku na huku.

"Mama mdogo, tumepotea?" binti yangu aliuliza. Nyumbani tunamwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haujui likizo.

"Hatujapotea. Tunatalii," mdogo wangu alimjibu.

"Tunatalii duka moja mara tatu?"

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nimzike mume wangu, miezi mitano kabla ya hapo.

Nitasimulia polepole. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, sikusoma sana. Namwomba Mungu nisiongeze wala nisipunguze.

Safari ile ilikuwa wazo la mdogo wangu. Yeye ni karani wa masijala katika hospitali aliyofia mume wangu. Alinijia nyumbani akanikuta nimekaa mbele ya cherehani bila kushona, akasema, "Dada, utamfuata. Twende mahali ambapo hakuna mtu anayekujua." Alipanga kila kitu peke yake. Hakutaka kampuni ya watalii. Alisema tutapanda treni na mabasi kama wenyeji, maana wenye magari ya watalii huuliza maswali mengi. Huyu ni nani, yule ni nani yako.

Nguo zangu nyeusi alizitoa kwenye sanduku kwa mkono wake.

Tulipotua, yeye ndiye aliyejaza fomu zetu zote. Nilichungulia yangu. Pale pa ndoa hakuandika mjane. Aliandika sijaolewa.

"Umekosea hapa," nilimwambia.

"Dada, foleni ni ndefu. Na kifo hakitajwi safarini, ni mkosi." Kisha akanishika kiganja. "Niahidi. Huku usimwambie mtu yeyote kwamba shemeji amefariki. Hata mmoja."

Nikamwahidi. Nilidhani ni huruma.

Treni ilifika. Ilikuwa fupi, ya mabehewa mawili, inayopita katikati ya mji kama basi. Tulipata viti vinne vinavyotazamana. Mimi na Kasuku upande mmoja, mdogo wangu upande wa pili, karibu na dirisha. Kwenye kiti cha nne, kando yake, aliweka mkoba wake.

"Tunashuka kituo cha sita," alisema.

Alinipa tiketi niishike. Karatasi moja tu, ya familia, ya siku nzima. Imeandikwa watu wanne.

"Mbona wanne? Sisi tuko watatu."

"Ya familia huanzia wanne, dada. Tulia."

Nikatulia. Kengele ya mlango ililia, tukaondoka. Kituo cha kwanza kikapita. Kasuku akaanza kusinzia begani mwangu. Mdogo wangu alifungua mkoba wake, akatoa kitu kilichokunjwa vizuri, akakitandaza juu ya kiti cha nne. Halafu akaushusha mkoba chini, miguuni.

Kilikuwa shati. Shati la kijani, la mikono mifupi, mfuko wenye kifuniko.

Nililijua. Nililishona mimi.

Nguo zote za marehemu nilimkabidhi yeye azigawe kwa wasiojiweza. Aliniambia amezigawa.

Nilifungua mdomo niulize. Lakini wakati uleule mkagua tiketi alifika, mtu mzima mwenye kalamu sikioni. Aliitazama tiketi. Akachukua kalamu, akatuhesabu kwa kutuelekezea ncha yake, mmoja mmoja. Mimi. Mtoto. Mdogo wangu.

Na kiti chenye shati.

Akatikisa kichwa kwamba sawa, akanirudishia tiketi, akaenda zake.

Halafu... harufu.

Mafuta ya mashine na sabuni ya kipande. Mume wangu alikuwa fundi wa pampu za maji. Kila jioni alinawa mikono hadi kwenye viwiko, na kila jioni harufu ile ya mafuta ilibaki chini ya sabuni. Ningeitambua hata usingizini.

Halafu mlio.

Ka.

Ka... ka.

Alikuwa na tabia ya kuvunja vidole vyake kimoja kimoja akiwa anawaza jambo. Nilimgombeza miaka kumi na mmoja. Wala hakuacha.

Nilikitazama kiti. Shati lilikuwa limelala tupu. Lakini mto wa kiti ulikuwa umebonyea.

Nje giza lilikuwa limeanza kuingia, na taa za ndani zilikuwa zimewaka, kwa hiyo kioo cha dirisha kilituonyesha sisi wenyewe. Niligeuza macho kwenye kioo, taratibu, nikisoma dua niliyofundishwa nikiwa mtoto.

Alikuwa amekaa pale.

Amelivaa shati lake. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto ulikuwa mweusi vilevile, pale alipojigonga na nyundo wiki moja kabla ya kuugua. Mungu anisamehe. Sikuogopa. Nilifurahi. Moyo wangu uliruka kama wa msichana, nikamtazama nikisubiri anitazame.

Akanitazama.

Akavuta miguu yake nyuma kidogo, kama mtu anavyompisha abiria asiyemjua.

"Samahani, mama," alisema.

Kisha akauweka mkono wake juu ya mkono wa mdogo wangu. Hakuutafuta. Hakutazama chini. Uliteremka wenyewe, kama mkono unaoijua njia ya kwenda kwake hata gizani.

Kituo cha pili. Watu walishuka, watu walipanda. Mimi nilikuwa nauangalia mkono ule.

Nyumbani mume wangu alimwita shemeji. Alimtania mbele yangu, mbele ya mama yetu, mbele ya wageni: "Huyu ni mke wangu wa akiba." Sote tulicheka. Nani hacheki utani wa mtu na shemeji yake? Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote.

"Tangu lini?" nilinong'ona.

Mdogo wangu hakunitazama usoni. Aliongea na kioo. "Dada, usipaze sauti. Mtoto amelala."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolazwa kumzaa huyo."

Miaka saba. Aliyenishika mkono wodini alikuwa yeye. Aliyekuja kunipikia uji alikuwa yeye.

"Na hiki ni nini?" nilisema. "Umefanya nini, wewe mtoto?"

"Mimi ndiye niliyeandika jina lake kwenye daftari la waliofariki," alisema. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Kwa mkono huu. Kazini, mbele ya watu. Sikuruhusiwa kulia, dada. Wewe ulipewa pole na mtaa mzima. Mimi nilikuwa jikoni kwako naosha masufuria ya msiba. Nani aliniambia pole mimi?"

Kituo cha tatu.

"Yule mama wa chumba cha maiti aliniona," aliendelea. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Alisema mtu hafi pote kwa siku moja. Hufa pale watu wanapomlilia. Mpeleke nchi ambako hajaliliwa, mlipie nauli kama mtu hai, mpandishe pamoja na umati. Akilala usiku mmoja huko chini ya paa moja na wewe, imekwisha. Atabaki."

"Ni mume wangu!"

"Kule." Sasa alinitazama. "Kule watu walishuhudia. Huku nani alishuhudia ndoa yenu?"

Nilitaka kumpiga kofi. Mkono haukuinuka. Nilitaka kusali kwa sauti, na ulimi ulikuwa mzito kama kitambaa kibichi. Kwenye kioo niliona uso wa mdogo wangu ukiwa mwekundu wa uhai, na wa mume wangu, na wa Kasuku. Wangu ulikuwa umefifia. Nilionekana kama pumzi iliyopulizwa kwenye kioo.

Kituo cha nne.

Kasuku aliamka. Alipikicha macho, akakiangalia kiti cha nne, akatabasamu.

"Baba."

"Naam, Kasuku wangu."

Alinigeukia. Alinitazama kwa adabu, jinsi nilivyomfundisha kuwatazama wakubwa.

"Mama mkubwa, naomba unipishe. Nataka kukaa na mama."

Mama mkubwa.

Mimi niliyemzaa, ananiita dada wa mama yake.

Alivuka magoti yangu akaenda kupanda mapajani mwa mdogo wangu. Nilimshika gauni. Kitambaa kilipita vidoleni mwangu kama maji.

"Hili hukuniambia..." mdogo wangu alimnong'oneza mtu ambaye hakuwa pale, labda yule mama wa chumba cha maiti. Alishtuka, hilo nililiona. Lakini sikumwona akimsukuma mtoto arudi kwangu. Alimkumbatia. Akafumba macho, akamkumbatia.

Hapo ndipo nilipomjua ndugu yangu.

Kituo cha tano. Kengele ililia, milango ikafunguka, baridi ikaingia. Kilichobaki kilikuwa kituo kimoja. Huko ndiko mdogo wangu alikotukodia chumba cha kulala, ambacho sasa kilikuwa cha baba, mama na mtoto, na usiku ulikuwa unakuja. Wakishuka bila mimi, sina mtoto.

Milango ilifungwa. Mume wangu alianza kuvunja vidole. Ka... ka...

Nilikumbuka maneno ya yule mama wa chumba cha maiti. Hufa pale watu wanapomlilia.

Siku ya mazishi sikulia. Kaka zangu waliniambia jikaze, una mtoto, nami nikajikaza. Nilirudi nyumbani na kilio changu chote, nikakiweka kama kitambaa kisichokatwa. Miezi mitano. Hata usiku sikukigusa.

Nilimwomba Mungu anipe sauti tu. Sauti peke yake.

Akanipa.

"Mume wangu weee!"

Behewa zima liligeuka.

"Mume wangu amekufa! Amekufa jamani, nimemzika! Fundi wangu amekufa!"

"Dada, nyamaza!" Mdogo wangu alinirukia kunifumba mdomo. "Uliahidi! Dada, nakuomba, uliahidi!"

Nililia begani kwake, nikalia ndani ya mkono wake uliokuwa mdomoni mwangu. Hakuna hata mmoja mle aliyejua lugha yetu. Lakini kilio hakina lugha. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele yetu na kikapu cha vitunguu alisimama, treni ikimyumbisha, akaja akanishika kichwa na kukilaza tumboni mwake. Akasema neno kwa lugha yao. Neno moja, fupi, la chini.

Nilijua ni pole.

Mzee mwingine alivua kofia. Mama mmoja kijana akaanza kufuta machozi bila kujua anamlilia nani.

Nilitazama kioo.

Mume wangu alikuwa ananitazama, na sasa alinijua. Lo, jinsi alivyonijua. Uso ule wa mwisho wa kitandani, mashavu yameingia ndani.

"Mke wangu," alisema taratibu. "Mbona unanizika mara ya pili?"

Kisha harufu ya sabuni ikakatika. Ikaja ya udongo mbichi, kwa muda mfupi... nayo ikaisha.

Shati lilikuwa tupu. Mto wa kiti uliinuka wenyewe, polepole, kama unaoshusha pumzi.

"Mama!" Kasuku alipiga ukelele, akanirukia shingoni. "Mama, mbona unalia? Mama!"

Nilimshika kwa mikono yote miwili. Safari hii kitambaa kilikamatika.

Kituo cha sita. Mdogo wangu hakuwa analia. Alilikunja shati upya, mkono wa kulia juu ya wa kushoto, kwa uangalifu kama mtu anayevalisha mtoto. Akaliweka mkobani. Milango ilipofunguka alisimama.

"Umeniua, dada," alisema.

"Rudi nyumbani," nilimjibu. Sijui kwa nini. Yalinitoka. "Rudi, tutaongea."

Alishuka. Treni ilipoondoka nilimwona akipita chini ya taa ya kituo, peke yake, mkoba ameukumbatia kifuani. Lakini kivuli kilichomfuata chini ya taa ile kilionekana kama viwili, sikuweza kuhesabu vizuri. Yule bibi wa vitunguu naye alitazama nje. Akaacha kunipapasa. Akafanya ishara ya kujikinga, kwa imani yao.

Tulirudi nyumbani siku ya pili, mimi na mtoto. Yeye hakurudi.

Hospitali imeajiri karani mwingine. Nilikwenda kumtafuta yule mama wa chumba cha maiti. Wafanyakazi walitazamana, wakaniambia chumba kile hakijawahi kuwa na mfanyakazi wa kike. Sikuuliza zaidi. Mama yetu kila wiki ananiuliza nilimfanya nini mdogo wangu, nami namwambia tulipotezana njiani. Siwezi kumwambia mengine. Nasali, nafunga, naomba nimsamehe. Bado.

Wiki iliyopita simu yangu ilipokea picha kutoka namba nisiyoijua, yenye tarakimu za nchi nyingine, mbali zaidi. Hakukuwa na salamu. Ilikuwa picha ya tiketi ya treni.

Watu wawili.

Kasuku alikuwa mezani akipaka rangi ramani ya dunia, kazi ya shule. Nilimsogelea. Nilijaribu kuifanya sauti yangu iwe ya kawaida.

"Hivi, mwanangu, dunia ina nchi ngapi?"

"Nyingi!" alisema bila kuinua kichwa. "Nyingi sana, mama m..."

Penseli ikasimama. Akaniangalia kwa muda, kwa adabu.

"...mama," alimalizia.