Mstari wa Kurudi

Saa kumi na mbili jioni mshona mapazia alizima cherehani, akachomoa pini alizokuwa amezichomeka kwenye ukosi wa gauni, akachukua karatasi ya safari kuipeleka kwa wakala. Ofisi ilikuwa mtaa wa pili tu. Alitembea bila haraka. Tangu mumewe azikwe, miezi mitano nyuma, hakuwa na haraka na kitu chochote. Hakuwa akilia pia. Alikula, alilala, alikata vitambaa kwa vipimo sahihi, na watu wakamsifu kwamba amejikaza. Hakujikaza. Ilikuwa ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, na hata nyumbani walizoea kumwita Fundi. Safari ile ilikuwa yake: siku kumi na mbili, miji mitano, kwa treni, katika nchi ambayo hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kuikanyaga. Likizo ya kwanza ya maisha yao. Aliipanga kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, na aliipanga kuanzia mwisho. Mstari wa kwanza kuandikwa ulikuwa wa chini kabisa: *Siku ya 12. Nyumbani saa mbili usiku, tule.* Pembeni akaweka majina mawili, lake na la mkewe. Kisha akawa anapanda juu, mji wa tano, wa nne, wa tatu.

"Mbona kinyumenyume?" mkewe alimuuliza.

"Fundi wa lifti haulizi utapanda vipi," alisema. "Anauliza utashuka vipi."

Aliishia siku ya saba. Kesho yake wenzake walimkuta ameketi chini ya shimo la lifti katika jengo moja la ofisi, spana mkononi, moyo umesimama.

Sehemu ya juu ya karatasi ilijazwa na mdogo wa kike wa mshona mapazia, ambaye watu wote walimwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Likizo ilikuwa imeshakubaliwa kazini, pasipoti zipo, na ndugu walisema mjane asiachwe akae ndani tu.

"Kufa kufaana," Kengele alisema huku akitandaza ramani mezani. "Shemeji anisamehe huko aliko. Haya dada, mji wa kwanza tunalala siku ngapi? Sema tatu. Miguu yangu haina vipuri."

Walipanga kwa wiki tatu, kila jioni. Hoteli ya karibu na stesheni au ya karibu na mto. Treni ya asubuhi au ya mchana. Kengele aligundua kwamba jumba la makumbusho la mji wa pili hufungwa Jumatatu, wakasogeza kila kitu kwa siku moja. Kwenye mstari wa juu kabisa, wa kuondoka, mshona mapazia aliandika jina lake na la Kengele.

"Na pale chini umfute shemeji, uniweke mimi."

Alichukua kifutio. Akakiweka juu ya jina la mumewe. Herufi zilikuwa zimeinama kulia, kama alivyoandika siku zote. Mkono haukusogea.

"Wakala ataelewa," alisema, akakirudisha kifutio kwenye droo.

Sasa, huku kwa wakala, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Mlango wa wakala ulikuwa wazi. Ndani, nyuma ya meza, hakuwapo yule bwana mwenye miwani ambaye alizoea kumkuta. Alikuwapo mwanamke mtu mzima, amejitanda kitambaa cheusi, mikono juu ya kibodi.

"Shikamoo."

Shikamoo haikuitikiwa.

"Nimeleta ratiba," mshona mapazia alisema. "Mwenye miwani ametoka?"

"Yule hupanga kwenda." Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Mimi hupanga kurudi."

Akaipokea karatasi. Aliisoma kwa kidole, na kidole kilianzia chini. Kikapanda mstari kwa mstari... mji wa tano... wa nne... hadi juu. Mshona mapazia alisikia harufu. Aliijua. Alikuwa ameifua kwenye nguo kwa miaka kumi na tisa.

Grisi.

Mwanamke akaanza kuchapa. *Tak... tak... tak.* Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Kwenye kioo kile mlango ulionekana, na taa za gari lililopita nje. Mwanamke mwenyewe hakuonekana.

"Wanaoondoka?"

"Wawili."

"Wanaorudi?"

"Wawili."

"Soma majina. Yako sawa?"

Mshona mapazia alitazama mstari wa juu. Akatazama mstari wa chini. Kwa miezi mitano alikuwa amejibu neno moja kwa kila aliyemuuliza lolote, juu ya sanda, juu ya maturubai, juu ya nguo za marehemu zipewe nani.

"Sawa," alisema.

"Hii ni penseli. Penseli hufutika." Mwanamke aliinua uso kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa kawaida kabisa. "Nikuwekee wino?"

"Weka."

Alirudi nyumbani, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Lifti ya jengo lao ilikuwa imekufa wiki ileile ya msiba. Kampuni ilileta mafundi wawili. Wote walitikisa kichwa wakaondoka. Alipokuwa hai, Fundi hakupanda lifti yoyote kimya. Alihesabu ghorofa chinichini, moja... mbili... tatu... hata mbele ya wageni. Kengele alikuwa hodari wa kumwigiza.

Asubuhi wakala alimpigia simu. "Mama, jana nilikusubiri, nikaona huji. Umeme ulipokatika nikafunga, saa kumi."

Alikwenda na Kengele. Bwana mwenye miwani alikuwa ameishika karatasi ya miraba. Aliikuta mezani alipofungua, akadhani waliipitisha chini ya mlango.

"Nilimpa mama aliyekuwa hapa," mshona mapazia alisema.

"Hapa nakaa peke yangu."

"Alikuwa kwenye kiti hicho."

Wakala alikigeukia kiti alichokalia. Akanyanyuka taratibu. "Kiti hiki nilikikuta humu nilipopanga ofisi hii," alisema. "Jioni huwa sikikalii. Nafunga mapema."

Mistari yote ilikuwa ya wino. Mwandiko ulikuwa uleule, wa kila mmoja alivyoandika, ila penseli haikuwapo tena. Kengele aliisoma kuanzia juu, akicheka kidogo alipofika kwenye makumbusho. Alipofika chini akaacha kucheka.

"Dada. Mimi narudi na nani?"

Akaweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Tunaondoka mimi na wewe. Mnarudi wewe na shemeji. Mimi nabaki wapi?"

"Nilisahau kufuta," dada yake alisema.

"Hukusahau. Nilikuwapo."

Wakala alikuwa tayari amefungua kompyuta. Nafasi zote zilikuwa zimewekwa, hoteli tano, treni sita, ndege mbili. Kwenye ndege ya kurudi jina la marehemu lilikuwapo, limethibitishwa.

"Futa," Kengele alisema. "Futa zote. Hatuendi."

Wakala alibonyeza. Akasubiri. Akabonyeza tena.

"Ya kwenda imefutika. Hoteli zimefutika." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ya kurudi inagoma."

Kengele aliichukua ile karatasi akaichana vipande, vipande akavichana tena, akavitia kwenye kapu la taka. Nje sauti yake ilimrudia. "Basi, yamekwisha. Asiyekwenda anarudi kutoka wapi? Hata jini lazima lijue hesabu." Akamshika dada yake mkono, kwa nguvu, hadi wakafika nyumbani.

Siku ya kuondoka ilipita. Mshona mapazia alishinda kazini, akashona mapazia ya hoteli, mita sitini. Siku ya saba alisikia harufu ya grisi ngazini. Siku ya kumi aliisikia ndani, kwenye kabati la nguo. Hakumwambia mtu. Alifungua dirisha, baadaye akalifunga.

Siku ya kumi na mbili Kengele alipiga simu mchana.

"Leo hukai peke yako. Nakuja tule wote, nalala hukohuko. Na usinipikie chakula cha msiba, weka chumvi."

Akapika. Akaweka chumvi. Saa mbili kasoro dakika tano alitandika meza, sahani mbili, glasi mbili. Simu ikalia.

"Dada, nipo chini! Lifti yenu imepona!"

"Nini?"

"Imepona. Taa inawaka, mlango uko wazi. Nilijua tu, mngekuja kupata fundi siku moja. Naingia, begi zito."

Mshona mapazia alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu: ngazi. *Panda kwa ngazi.* Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka ni nini kilichomzuia kulisema, asikumbuke. Alichokumbuka ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu mazishi alisikia kitu kinatembea kifuani, na kitu hicho hakikuwa hofu.

Kwenye simu mlango ulijifunga. Mtambo ukanguruma.

"Haya, sikiliza, namwiga shemeji," Kengele alisema, akaifanya sauti yake nene. "Moja..."

Akacheka.

"Mbili..."

"Kengele," dada yake alinong'ona. "Kengele, toka. Bonyeza utoke."

"Eh? Sikusikii. Humu kunanuka nini?"

Mtambo tu. Pumzi.

"Tatu," simu ilisema.

Haikuwa sauti ya Kengele. Wala haikuwa ya mtu anayeigiza.

"Kengele?"

"Nne."

Simu ikakatika. Kule nje, mwisho wa korido, mlango wa lifti ulifunguka kwa kishindo kidogo, kama ulivyokuwa ukifunguka siku zote. Zikaja hatua. Alizisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya mgongo wa kiti. Zilikuwa hatua za mtu mmoja. Nzito. Kila hatua ikifuatwa na mlio wa chuma ndani ya mfuko, spana juu ya spana.

Zikasimama mlangoni.

Ufunguo ukaingia kwenye kitasa. Ufunguo wake yeye alikuwa nao mfukoni, na ule mwingine aliuweka mwenyewe kwenye jeneza.

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kamili. Mshona mapazia aliitazama meza. Sahani mbili.

Zilitosha.