Chumba cha Diski, Malaba

Haya yalimpata rafiki yangu Egwang, fundi wa kompyuta kwa ofisi moja ya kupitisha mizigo pale Malaba. Kabati la diski lilikuwa na nyaya mbili, njia mbili za kuliunganisha na kompyuta za ofisi, ili mmoja ukifa mwingine ushike kazi. Asubuhi hiyo wa kwanza ulikuwa unakufa kila akiufufua, na bila hati zilizo kwenye diski hizo hakuna lori ambalo lingevuka mpaka. Huko nje madereva walikuwa wanapiga honi kama wazimu.

"Njia moja imekatika tena, boss!" msaidizi wake Amuron alipaza sauti kutoka ofisi ya mbele, macho kwa skrini.

"Si nimeirudisha sasa hivi! Hii kitu inanitakia nini?"

Balbu ya chumba cha diski ikaungua. Chumba hakina dirisha. Egwang, hasira zimempanda, akapapasa gizani, akachomoa waya mbovu, na kwa pupa akachomoa na ule mzima. Akangoja kelele za Amuron.

"Hapo hapo, boss! Zote mbili zimerudi. Usiguse kitu!"

Egwang alisimama gizani, ncha za nyaya zote mbili viganjani mwake, na ndani ya kabati diski zikaendelea kukwaruza, kurr, kurr, zikisomwa.