Ikirudi Saba

Mdogo wangu Judica hajawahi kuniita kwa jina. Nimemzidi miaka miwili tu, lakini tangu utoto wetu hapa Endagikot, kila akiniona lazima aanze na "Shikamoo, dada." Tuliwahi kugombania kitenge tukanuniana wiki nzima, na kila asubuhi ya wiki hiyo shikamoo ilikuja, midomo imefura hivyo hivyo. Mama ndiye aliyemzoesha.

Aliolewa na Baltazar, mtu wa Rombo, mwalimu wa hesabu aliyepangiwa kazi Gehandu. Shemeji yangu ni mtu mwema, ila ana ugonjwa wa kuhesabu. Vijiko anahesabu, ngazi anahesabu, hata watu kanisani. Nilikuwa namtania kwamba siku ya harusi alihesabu meno ya bibi harusi. Kwetu mambo hayo hayapo. Mama yetu hata vifaranga aliwataja kwa rangi: yule mweupe yupo, yule wa madoa yupo. Ukimwuliza wako wangapi, anakujibu, "Wapo." Nilimweleza shemeji haya, akacheka, akaniuliza basi sensa ya serikali ilifanyikaje kwetu.

Juni iliyopita, shule zilipofungwa, walimu wa Gehandu walikodi gari waende hifadhini kuona wanyama. Walimu watano, Baltazar akiwemo, Judica, na Festo dereva. Saba. Waliondoka asubuhi jua likiwa limeshatoka. Judica alinitumia picha amevaa kofia ya mumewe, anacheka mpaka macho yamefumba. Yaliyofuata nimesimuliwa na shemeji mwenyewe.

Walipofika Dirma gari likachemsha. Festo akasimama kwenye boma la mzee mmoja Mbarbaig, mzee Gidahosh, kuomba maji ya kuweka kwenye rejeta. Walipewa maji, wakapewa na maziwa. Wakati wa kupanda, Baltazar akasimama penye mlango wa gari, mbele ya zizi, akawagusa vichwani kwa kidole mmoja mmoja, akamalizia na yeye mwenyewe.

"Saba! Tumetimia."

Mzee akamshika mkono.

"Mwalimu. Watu unahesabu kwa sauti?"

"Samahani, mzee. Mazoea tu."

"Sisi mtu tunaita jina. Wewe umetangaza nafasi ni saba. Ile kitu imesikia."

"Kitu gani?"

Mzee hakukitaja. Alimsogelea akanong'ona, "Hesabu ikizidi saba, asishuke mtu. Ikirudi saba, ujue ile kitu imepata kiti."

Walimu walicheka mpaka barabarani. Judica peke yake ndiye aliyerudi kumpa mzee shikamoo ya kuaga.

Getini askari alichukua karatasi ya majina, akachungulia dirishani.

"Mmeandika saba. Mbona mko wanane?"

Festo akamwomba ahesabu tena. Akahesabu tena. Wanane. Baltazar akageuka kwenye kiti chake akahesabu mwenyewe. Wanane. Akaita majina, wakaitika sita, yeye mwenyewe wa saba. Hapakuwa na sura ngeni. Kila aliyemtazama alimfahamu, anajua hata alikunywa nini asubuhi. Akahesabu kimoyomoyo, taratibu, kama anavyosahihisha mtihani. Wanane. Askari akaona majina yamelingana, akasema ni uchovu wa jua, akawapisha.

Baltazar alitaka wageuze. Wenzake wakakataa, wamesubiri safari hiyo mwaka mzima. Gari likaingia porini, na porini huko hairuhusiwi kushuka. Shemeji anasema hapo ndipo akili ilimkaa sawa. Walikuwa wamejifungia na kile kitu.

Walikuta tembo pembeni mwa barabara. Wakubwa wakawasukuma watoto wao nyuma. Mbele kidogo walikuta pundamilia wanakula. Wakainua vichwa, wote, wakaligeukia gari. Hawakukimbia. Mwalimu Hilda, aliyekuwa anapiga picha tangu getini, akashusha simu yake na hakuinyanyua tena. Siti ya nyuma walikaa watatu, lakini Hilda aliwaomba wenzake wasogee.

"Nabanwa," alinong'ona.

Wenzake wakasogea.

Saa saba mchana walifika sehemu ya kupumzikia, yenye meza na choo. Wote walibaki wameketi. Judica akamgusa mumewe.

"Nataka kwenda haja."

"Vumilia, mke wangu."

"Nimevumilia tangu getini. Nifanye nini, nijisaidie kwenye kiti?"

Angemzuiaje? Alishuka naye. Judica akaingia chooni na simu yake mkononi, mlango wa bati ukafungwa. Baltazar akasimama hatua tatu mbele yake. Choo kile kina mlango mmoja. Hakugeuka. Anaapa hata kope hakupepesa. Baada ya dakika mbili mkewe akatoka, anafuta mikono kwenye kitenge, simu hana. Wakarudi garini.

Baltazar akahesabu. Saba.

Akahesabu tena. Saba.

Wenzake walipiga makofi, Festo akapiga honi. Shemeji yangu akalia. Judica alimtazama akilia hadi akamaliza, na hakumwuliza analia nini.

Jumapili wakaja kwangu. Nilikuwa kwenye cherehani. Judica akaketi, akanikazia macho. Nikangoja. Nikaona nimtanie.

"Wewe vipi, shikamoo umeiacha porini?"

Akatabasamu.

"Marahaba," akasema, kwa upole, kama bibi anayemwitikia mjukuu.

Nikasimamisha cherehani. Shemeji alikuwa anaangalia sakafu.

Tangu hapo sina raha. Anapika vilevile, anaimba kanisani vilevile, kovu la goti langu anajua nililipata wapi. Tulimpeleka Dirma kwa mzee Gidahosh. Mzee alituona kwa mbali, akafunga mlango wa boma kwa miiba, na ng'ombe wake wakarudi nyuma mpaka mwisho wa zizi. Tulienda polisi.

"Aliyepotea ni nani?" askari akauliza.

"Mke wangu," Baltazar akajibu.

"Na huyu uliyekaa naye?"

Tulitoka tukiwa watatu. Padri alituombea, na huyu akaitikia amina vizuri kuliko sisi.

Baltazar amerudi hifadhini mara mbili. Anafungua kile choo, ndani hamna mtu wala simu, anasimama mbele yake, anaita, "Judica! Judica!" mpaka askari wanamwondoa. Amekonda. Hahesabu kitu tena, na wanafunzi wake wanasema akifika kwenye saba ubaoni chaki inamdondoka. Mimi ndiye dada mkubwa. Mama alipokuwa anakufa aliniachia Judica mkononi, akasema mtunze huyu. Nimtunze yupi? Nimtafute wapi, wakati kila akija ninamwona anakula kwenye sahani yangu?

Jana walikuwa kwangu. Saa nne asubuhi shemeji alitoka kwenda sokoni. Mimi nilikuwa nashona sare za shule, mkewe yuko jikoni anakata mboga, nasikia kisu chake kikigonga ubao. Simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti. Namba ilikuwa ya Judica, ile ya simu iliyobaki chooni.

Nilipunguza sauti kabisa, nikaibana simu sikioni, nikageukia ukutani.

Upepo. Nyasi. Mlango wa bati unagongwa kwa ndani, taratibu, na mtu aliyechoka kugonga. Kisha sauti ya mdogo wangu, imekauka.

"Shikamoo, dada."

Nilifungua mdomo nimwitikie.

Jikoni kisu kikanyamaza.

"Marahaba," akaitikia yeye.