Ulimushinda Nani, Baudouin?

—Baudouin, weka ile telefone.

—Ngoja, chérie. Kuko mujinga moja hapa, niko namumaliza.

Ilikuwa kilio, matanga ya Glodi, ndugu mdogo wa Noëlla, mchimbaji aliyefunikwa na udongo ndani ya shimo huko Tenke. Nyumbani kwao Dilala wamama walikuwa wanaimba. Baudouin, mchumba wa Noëlla, karani wa ofisi moja mtaani Manika, alikaa pembeni, kichwa chini, anaandika Facebook.

Noëlla akainama begani mwake, akasoma:

"Bale bachimbaji ni bezi. Mwizi akifia mu shimo ya benyewe, munalia nini?"

Alikuwa anajibu mtu chini ya picha ya Glodi anacheka, ile watu walikuwa wanaachia pole.

Noëlla akamshika mkono.

—Uliandika ile juu ya ndugu yangu?

—Haiko juu yake! Ni débat tu, kubishana. Ule mutu alisema makosa ni ya bakubwa ba kampuni. Nilimujibu.

—Unamujua?

—Hapana.

—Alikubali?

—Bantu kama bale habakubalaka. Lakini nilimushinda. Angalia ma-like!

—Ulimushinda mutu haumujue, juu ya maiti ya Glodi?

—Noëlla, mi niko mutu wa ukweli. Siwezi kunyamaza.

—Basi kuja. Umwambie mama ule ukweli.

Akamvuta shati mpaka kwenye mkeka wa Mama Godelieve, mama wa Noëlla na Glodi.

—Mama, Baudouin iko na maneno.

—Sema, tata. Nasikia.

Baudouin akafungua mdomo. Wamama wakaacha kuimba. Telefone ikalia mkononi mwake. Pamoja na aibu yote ile, macho yake yakashuka kuisoma!

Mama Godelieve akaiangalia ile telefone.

—Mujibu kwanza mutu yako, tata. Shiye tutangoja.

Noëlla akamshika tena shati. Mtu huyu ndiye angelala naye kitanda kimoja, azae naye watoto? Akamsindikiza mpaka barabarani, akaita taxi-moto.

—Noëlla, nitafuta ile maneno! Nafuta sasa hivi!

—Futa. Na namba yangu ufute.

Baudouin hakuwa hata amefika kwake, SMS yake ikaingia: "Chérie, haukunielewa. Soma vizuri, ule mutu ndiye alinianza. Acha nikueleze kwa nini niko na haki."

Noëlla akaanza kumjibu. Aliandika kirefu, kwa hasira, kila neno na jibu lake. Halafu akajiuliza: ili nipate nini?

Akafuta yote, akarudi kuimba na wamama.